Bunduki ya doria aina ya AR-15: vya ndani vibadilishwe au viachwe?

#1 Mlinzi_wa_Zamu

Wakuu, habarini za kazi.

Naomba mawazo ya wanaozijua hizi bunduki kwa undani. Idara yetu ya polisi ni ya mji mdogo, jimbo la Ohio, Marekani. Ghalani kuna AR-15 za doria 14, zote za aina moja: mtutu wa inchi 16, mfumo wa gesi mfupi wa kabini (bunduki fupi), bafa nyepesi (kizito cha ndani ya kitako kinachopokea kishindo cha kurudi nyuma), triga ya kiwandani. Kila moja imeshapiga risasi kati ya 3,000 na 4,500 za mazoezi. Imetengwa bajeti ndogo ya kuziboresha kwa ndani, na orodha iliyopendekezwa ni hii: triga ya mashindano ya pauni 3.5, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi) na kibebeo chake vilivyopakwa nikeli-boroni, bloku ya gesi (kifaa kinachochota gesi mtutuni) ya kurekebishwa kwa skrubu, na bafa ya H2.

Zipo pia M16A1 mbili tulizopewa kutoka jeshini kwa mpango wa 1033, ule wa kuwapa polisi vifaa vya ziada vya jeshi.

Kipi hapo kina maana kwa bunduki inayoshinda kwenye gari la doria, na kipi ni kupoteza hela? Tuanzie wapi? Nawasilisha.

#2 FundiGhala

Mkuu, kabla ya orodha ya manunuzi: zimefeli nini? Hukutaja ganda lililokwama, hukutaja risasi isiyolipuka, hukutaja bolti isiyobaki nyuma magazini ikiisha. Kama hakuna kilichofeli, basi orodha hiyo imetoka kwenye katalogi, haijatoka kwenye bunduki zako.

Bunduki ya doria hutakiwa kulia kila inapoombwa na kunyamaza kila isipoombwa. Kifaa kinachobadilishwa kipimwe kwa hayo mawili.

Risasi 3,000 hadi 4,500 ni umri wa kukagua vinavyochakaa, na ukaguzi huu karibu ni bure. Zifungue zote 14, moja baada ya nyingine, kila moja na karatasi yake yenye namba ya bunduki:

Ringi za gesi. Toa bolti na kibebeo chake, vuta bolti mbele hadi mwisho, simamisha kibebeo juu ya uso wa bolti mezani. Kikishuka chenyewe kwa uzito wake, ringi zimekwisha. Badilisha zote 3. Habari za kupanga mianya ya ringi isilingane usiziumizie kichwa, bunduki haijali.

Kucha ya kung'oa ganda. Itoe, safisha chini yake, angalia makali kama yamemeguka. Springi yake ndiyo inayochoka kwanza kwenye gesi fupi. Weka springi ya daraja la M4 na ile mpira nyeusi ndani yake. Hiki ni kifaa cha dola chache na kinaongeza uhakika kuliko vyote ulivyoorodhesha.

Bolti yenyewe. Osha hadi ing'ae, shika lenzi. Nyufa huanzia kwenye meno mawili yanayopakana na kucha, au kwenye tundu la pini ya kamu. Ukiona mstari mwembamba usiofutika, bolti hiyo haina mjadala, inatoka leo.

Mdomo wa gesi juu ya kibebeo. Angalia skrubu zake 2. Masizi yaliyochirizika pembeni ya kitako chake maana yake gesi inavuja. Skrubu mpya, kaza kati ya pauni-inchi 50 na 58 (kama Nm 5.6 hadi 6.6), kisha gonga chuma cha pembeni kwa sentapanchi hadi kiingie kwenye meno ya kichwa cha skrubu. Gundi peke yake haitoshi, joto la pale linaila.

Springi kuu ya kabini. Itoe kwenye bomba la kitakoni, ilaze bila kuibana, pima urefu. Ikiwa chini ya inchi 10 na 1/16 (milimita 256) imelegea. Mpya huwa haizidi inchi 11 na 1/4.

Pini ya kupigia. Ikiwa imesukumwa mbele kabisa, ncha yake itokeze usoni pa bolti kati ya inchi 0.028 na 0.036. Pungufu ya hapo fataki (kidonge cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) inapigwa kidogo, zaidi ya hapo inatobolewa.

Mwisho kabisa, kipimo cha nafasi ya chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa), kile cha "field", yaani cha kuonyesha kama nafasi imezidi kwa bunduki ya kazini. Bolti ikifunga juu ya kipimo hicho, bunduki inatoka kazini siku hiyo hiyo. Kipimo kifanyike bolti ikiwa imetolewa kucha na kisukumio cha ganda, vinginevyo unaisoma springi badala ya chemba.

Ukimaliza hayo kwa bunduki 14 ndipo utajua hela iende wapi.

#3 Kisiwani_Kaskazini

Naunga mkono #2. Naongeza magazini. Matatizo mengi yanayosingiziwa bolti na gesi chanzo chake ni magazini yenye midomo iliyopanuka au springi iliyochoka. Zipe zote namba kwa kalamu ya rangi, na kila hitilafu iandikwe na namba ya magazini. Hitilafu ikiifuata magazini kutoka bunduki moja hadi nyingine, mtuhumiwa umempata. Zinazofeli zivunjwe, zisirudi kwenye boksi la mazoezi maana zitarudi garini zenyewe.

Na jazeni risasi 28 kwenye magazini ya 30. Bolti ikiwa imefungwa, magazini iliyojaa 30 inagoma kuingia hadi mwisho, inashikilia nusu nusu, halafu inadondoka mtu akianza kukimbia.

#4 Toki_Renchi

Niende kwenye gesi na bafa, kwa sababu pale kuna jambo la kweli kwenye orodha ya mleta uzi.

Gesi fupi kwenye mtutu wa inchi 16 inachota gesi karibu sana na chemba, shinikizo likiwa bado kubwa. Bolti inaanza kujifungua mapema, ganda likiwa bado limeikumbatia chemba. Ndiyo maana kucha zinateseka na meno ya bolti yanapasuka mahali pale pale alipotaja FundiGhala. Kwenye M4 ya jeshi tundu la gesi ni kama inchi 0.062 (milimita 1.6). Viwanda vya kiraia wengi hutoboa kubwa zaidi, ili bunduki ifanye kazi hata na risasi dhaifu za bei rahisi. Tena tundu hilo linaliwa na gesi kadiri bunduki inavyopigwa, kwa hiyo bunduki iliyokuwa nzuri ikiwa mpya inakuja kuzidiwa gesi baadaye.

Dalili za gesi kuzidi: maganda kurukia mbele badala ya kulia na nyuma kidogo, ukingo wa ganda kuchanika, alama ya shaba iliyokwanguliwa kwenye kitako cha ganda, na bolti kwenda haraka mno hadi inapita juu ya risasi kabla magazini haijaiinua. Hiyo ya mwisho watu huilaumu magazini, na mara nyingine ni kweli, ndiyo maana namba za mdau wa #3 zina faida.

Dawa ya kwanza ni uzito wa bafa, maana haihitaji kutoboa wala kukaza chochote. Uzito wake kwa makadirio:

kabini ya kawaida, wakia 3.0 (gramu 85)
H, wakia 3.8 (gramu 108)
H2, wakia 4.6 (gramu 130)
H3, wakia 5.4 (gramu 153)

Ndani ya kila bafa kuna vipande 3. Bafa nyepesi ina chuma vyote vitatu. H ina tangsteni 1, H2 ina 2, H3 ina 3. Fundi anaweza kutoa pini ya bafa aliyonayo na kununua vipande vya tangsteni tu.

Usirukie H2 kwa zote 14. Weka H kwanza. Kisha jaribu hivi: magazini yenye risasi 1 tu, piga, bolti lazima ibaki nyuma. Rudia mara 10 kwa risasi za kazi na mara 10 kwa zile dhaifu za mazoezi, bunduki ikiwa chafu, kitako kimeshikwa kwa ulegevu. Ikibaki nyuma mara zote na bado maganda yanarukia mbele, panda H2 na urudie jaribio lote. Ikishindwa hata mara 1, shuka. Bunduki 14 za aina moja zinaweza kukupa majibu mawili tofauti. Usiyalazimishe yafanane.

#5 Mlinzi_wa_Zamu

Shukrani sana. Na bloku ya gesi ya kurekebishwa? Aliyependekeza anasema inatibu chanzo, bafa inatibu dalili tu.

#6 Toki_Renchi

Kinadharia yuko sahihi. Kwenye bunduki ya mashindano ningekubaliana naye.

Ile skrubu inakaa ndani ya masizi na joto. Hutokea moja kati ya mawili: inaganda isizunguke tena, au inalegea na kujisogeza yenyewe. Halafu kuna majira. Unairekebisha Julai uwanjani, mafuta mepesi, risasi za mazoezi. Januari Ohio mafuta yamekuwa mazito, kila kitu kimejikunyata, na gesi uliyoipunguza ndiyo ile iliyokuwa inakuvusha. Bunduki ya kazi inatakiwa iwe na gesi ya ziada kidogo. Hiyo ziada ndiyo akiba ya siku mbaya.

Kuibadilisha kunadai pia kuvua bomba la gesi na kuligonga pini upya. Kwa bunduki 14, uwezekano wa kupinda bomba moja au kuliingiza likiwa limepinduka haupo mbali. Acheni bloku za kiwandani, hasa kama zimeshikwa kwa pini.

#7 Shabaha_Mbili

Mimi nitatetea triga, ingawa si ile ya pauni 3.5.

Triga ya kiwandani ya AR huvutwa kwa pauni 5.5 hadi 8.5, na inakwaruza njiani. Kwa askari anayetakiwa kupiga mahali padogo kutoka yadi 50 na kuna raia pembeni, mkwaruzo huo unasogeza mtutu. Risasi inayokwenda pembeni ina mtu wa kuipokea. Kwa hiyo sikubali hoja ya kwamba triga ni anasa.

Ninachoshauri ni triga ya hatua mbili, isiyo na skrubu ya kurekebisha, jumla ya pauni 4.5 hivi. Mfano ni Geissele SSA: hatua ya kwanza kama pauni 2.5, ya pili kama 2. Kidole kinapita hatua ya kwanza, kinakutana na ukuta, mtu anajua yuko wapi. Kama bajeti haitoshi, zipo za hatua moja zenye umbo na uzito ule ule wa kiwandani ila nyuso zimelainishwa, kama ALG ACT.

Zile za kasha (zinazoingizwa zikiwa zimeshaunganishwa) za pauni 3.5 zina matatizo matatu kwa kazi ya doria. Nyingi hushikwa na skrubu ndogo zinazolegea kwa mtikisiko wa gari. Nyingine hupata ulaini wake kwa kulegeza springi ya nyundo, na risasi za 5.56 za kijeshi zina fataki ngumu. Matokeo ni nyundo kupiga na risasi kukaa kimya. La tatu ni mkono wenyewe: glavu nene, baridi, moyo unakwenda mbio. Pauni 3.5 uwanjani hazifanani na pauni 3.5 usiku mbele ya mlango.

#8 FundiGhala

Shabaha_Mbili, kwa hatua mbili nakubali, kwa masharti. Zifungwe zote 14, au isifungwe hata moja. Askari akichukua bunduki ya mwenzake asikute triga tofauti. Na kila askari afanye upya mtihani wa shabaha kabla bunduki haijarudi garini.

Ila bado naiweka chini ya kucha, springi na bafa. Triga ya kwaruza inafundishika. Ganda lililokwama chembani halifundishiki.

Kwa watakaofunga triga, makosa yanayojirudia ni haya. Springi ya nyundo kuwekwa kinyume: inaingia, nyundo inapiga, ila kwa nguvu pungufu, na tatizo linaonekana baadaye kama risasi mbovu. Miguu ya springi hiyo lazima ikae juu ya pini ya triga, mmoja wake ndani ya mfereji wa pini. Ukikaa nje ya mfereji, pini itatembea hadi itokeze ubavuni. Watu wakiona hivyo hununua pini za kufungwa kwa skrubu, wakati kilichotakiwa ni kurudisha mguu wa springi mahali pake.

Baada ya kufunga, chemba tupu, magazini imetolewa, umetazama kwa macho na kugusa kwa kidole:

1. Koki bunduki. Weka sefti. Vuta triga kwa nguvu. Nyundo isianguke.
2. Achia triga, toa sefti bila kugusa triga. Nyundo isianguke.
3. Vuta triga. Nyundo ianguke. Endelea kuibana triga nyuma, usiiachie.
4. Koki tena ukiwa bado umeibana. Achia triga polepole. Usikie mlio wa nyundo kuhama kutoka kulabu ya kati kwenda kwenye triga.
5. Vuta. Nyundo ianguke.
6. Funga bolti nyuma, iachie iende mbele kwa nguvu zake zote, mara kadhaa. Kila mara nyundo ibaki imesimama.

Hatua ya 4 na ya 6 ndizo watu huziruka, na ndizo zinazoonyesha bunduki ambayo ingejipiga yenyewe.

#9 Mpanda_Mti

Upande wa karatasi jamani, msiusahau. Kila kifaa kiandikwe: namba ya bunduki, jina na namba ya kifaa, tarehe, aliyekifunga, idadi ya risasi kwa siku hiyo, na saini ya mkuu aliyeidhinisha. Asifunge mtu asiye fundi wa silaha aliyesomea, hata kama ni mtaalamu nyumbani kwake.

Kesi ya madai ikija, wakili wa upande wa pili ataiomba bunduki na kumbukumbu zake. "Triga ya mashindano" ni jina baya sana kusomwa mbele ya baraza la mahakama. "Triga ya hatua mbili iliyoidhinishwa na idara kwa bunduki zote" lina maelezo yake. Mwaka 2016 kule Mesa, Arizona, askari alimpiga risasi mtu asiye na silaha, na maandishi ya matusi aliyokuwa ameyachonga kwenye kifuniko cha tundu la maganda la bunduki yake yakawa sehemu ya habari ile nchi nzima. Kifuniko hakikubadilisha chochote katika jinsi bunduki inavyopiga. Kilionekana, basi.

#10 Jicho_la_Nairobi

Wakuu, swali la pembeni. Kwa Kenya bado kuna G3 nyingi mikononi mwa polisi. Haya ya bafa na ringi yanaihusu?

#11 Toki_Renchi

Hapana mkuu. G3 haina bomba la gesi wala ringi. Bolti yake inacheleweshwa na roli mbili. Kipimo chake kikuu ni pengo kati ya kichwa cha bolti na kibebeo. Chemba tupu, magazini nje, bolti imefungwa, nyundo imeachiwa. Ingiza kipimo cha mabati membamba kupitia tundu la magazini. Pengo liwe kati ya milimita 0.1 na 0.5. Likikaribia 0.1, fundi huweka roli kubwa zaidi kidogo na kupima upya. Kusaga kichwa cha bolti ili pengo lionekane zuri ni hatari. Namba inapona, bunduki haijapona.

Kwa mengine ni ile ile: springi, kucha, magazini, na ruhusa ya maandishi ya ghala.

#12 Kisiwani_Kaskazini

Mleta uzi, M16A1 zako mbili. Angalia mtutu. Ule wa asili una mifereji ya kuizungusha risasi, mzunguko 1 kwa inchi 12, iliyotengenezwa kwa risasi ya greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Mkiweka zile za greni 62 za 5.56 au nzito zaidi, risasi haitulii hewani, inakwenda imelala na kutoboa karatasi ubavu. Hakuna kifaa cha ndani kinachotibu hilo. Ama zipewe greni 55 peke yake na ziandikwe hivyo kitakoni, ama zibaki za mafunzo.

La pili, silaha za mpango ule zinabaki mali ya serikali kuu. Ombeni ruhusa kabla ya kubadilisha, na cha asili kihifadhiwe na lebo.

La tatu, vifaa vya triga vya M16 visikae droo moja na vya AR. Vinafanana kwa macho, havifanani kisheria, na kuvichanganya kunazaa bunduki isiyo salama. Kabati tofauti, funguo tofauti.

#13 Mlinzi_wa_Zamu

Nimeelewa. Kibebeo cha nikeli-boroni hakijaguswa na mtu. Kina faida?

#14 FundiGhala

Faida yake ni kusafishika. Masizi yanafutika kwa kitambaa. Hakifanyi bunduki ipige kwa uhakika zaidi kuliko kibebeo cha fosfeti kilicholainishwa vizuri. Ukitoa mabolti yenye nyufa, nunua bolti za kawaida za chuma cha Carpenter 158 zilizopimwa kwa shinikizo na kwa sumaku, zenye alama MP au MPI, ukiweza na akiba 2 za ghala. Mafundi wengi hubadilisha bolti za gesi fupi kati ya risasi 5,000 na 10,000, hivyo zenu zinakaribia hata kama hazijapasuka. Bolti mpya ikiingia, kipimo cha nafasi ya chemba kinarudiwa. Bolti zisihamishwe kutoka bunduki hii kwenda ile wakati wa kusafisha, kila moja ichorwe namba. Vibebeo vyepesi vya mashindano visikanyage ghala lenu.

Na mafuta. Bunduki inayokaa wima kwenye raki ya gari inakauka. Mafuta yanashuka na kuyeyuka kwa joto la kiangazi. Kila mwezi tone kwenye ringi, kwenye pini ya kamu, na kwenye njia nne za kibebeo.

#15 Shabaha_Mbili

Hela ikibaki baada ya kucha, springi, bafa na bolti za akiba, mimi ningeipeleka kwenye taa nyeupe na mkanda wa bega kwa bunduki isiyo navyo kabla ya triga yangu mwenyewe niliyoitetea. Askari asiyeona anachokilenga triga haimsaidii.

#16 Mlinzi_wa_Zamu

Basi mpango utakaokwenda kwa mkuu ni huu: ukaguzi wa #2 kwa zote 14, springi za kucha, springi kuu na ringi mpya kwa zote, bafa za H 14 na vipande vya tangsteni vichache vya ziada, bolti 4 za akiba, magazini mpya. Bloku ya gesi na nikeli-boroni zinafutwa. Triga ya hatua mbili inasubiri mwaka ujao wa bajeti, zote kwa pamoja.

Swali la mwisho. Bunduki zetu zinarudi ghalani kila mwisho wa zamu, na wengine huwa wameshaingiza risasi chembani. Risasi ile ile inaingia na kutoka kila siku. Kuna madhara?

#17 FundiGhala

Yapo, tena makubwa kuliko mengi tuliyoyajadili. Pini ya kupigia ya AR haina springi ya kuizuia, kila bolti inapofunga inaigusa fataki na kuacha kidoti. Na kila ikiingia chembani kwa kishindo, risasi inaweza kusukumwa ndani ya ganda lake. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo linapanda.

Wekeni utaratibu: garini chemba iwe tupu, bolti mbele, magazini ndani, sefti kama sera yenu inavyosema. Iliyoingia chembani ichorwe mstari kitakoni kwa kalamu. Yenye mistari 2 hairudi kwenye magazini ya kazi. Ipimeni kwa kalipa pembeni ya mpya kutoka boksi hilo hilo. Ikiwa fupi kwa namna inayoonekana kwenye kipimo, isipigwe hata kwa mazoezi, iende kuharibiwa.